Uzi kwa wazazi wenye watoto wenye makengeza: miwani, plasta na miaka isiyorudi

Mleta mada

Ndugu wazazi, nawasalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga na ni baba wa watoto wawili. Naandika kuhusu binti yangu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka sita, kwa sababu nakutana na wazazi wengi mno wanaoambiwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, kwamba makengeza ya mtoto huisha yenyewe akikua. Maneno hayo yalimpotezea mwanangu miezi minane, na kwa mtoto wa umri ule miezi minane ni mingi.

Alikuwa amevuka miaka miwili tulipoanza kuona. Halikuwa jambo la kila saa. Akitazama mbali, tuseme mbuzi wa jirani ng'ambo ya barabara, macho yalikuwa sawa kabisa. Lakini akishika kijiko cha uji na kukitazama kabla hajakitia kinywani, jicho la kushoto lilikuwa linavutwa kuelekea puani, linakaa huko kidogo, kisha linarudi. Jioni akiwa amechoka, au akiwa na homa, lilichelewa kurudi. Mama yangu alisema ni kwa sababu wageni walikuwa wakisimama upande wa kichwani mtoto alipokuwa amelazwa, naye akawa anapindua macho kuwatafuta. Simlaumu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na wazee wake. Ninayejuta kumsikiliza ni mhudumu mmoja wa afya ambaye hakummulika mtoto hata kwa tochi, akaniambia tu nirudi atakapoanza shule.

Kilichoniamsha ni mchezo. Mwanangu hupenda kukaa chini karibu na cherehani yangu akipanga vifungo. Siku moja nikawa namziba jicho kwa kiganja, kumtania. Nilipoziba la kushoto, lile linaloingia ndani, aliendelea kupanga vifungo vyake kana kwamba sikumgusa. Nilipoziba la kulia alipiga kelele na kuusukuma mkono wangu. Nilipouacha pale kwa muda kidogo, akaanza kupapasa sakafu kutafuta kifungo kilichokuwa mbele ya goti lake. Nilirudia mara tatu na kila mara ikawa vilevile. Hapo nikaelewa kwamba mtoto huyu anaona kwa jicho moja tu, na kwamba lile jingine lipo wazi lakini halifanyi kazi. Usiku ule sikulala.

Tulipanda basi la alfajiri, tukapita Korogwe na Same hadi Moshi. Daktari wa macho wa watoto alimtia matone ya kupanua mboni, akatazama kwanza nyuma ya jicho. Baadaye ndipo nilipojua kwa nini alianza na hilo: kengeza laweza kuwa dalili ya ugonjwa ulio ndani ya jicho, ukiwemo mtoto wa jicho na saratani ya retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga), na hakuna anayepaswa kuzungumzia miwani kabla ya kuhakikisha kwamba hayo hayapo. Kwa mwanangu hayakuwepo. Kisha akapima nguvu ya macho kwa kumulika na kubadilisha lenzi mbele yake, kipimo ambacho hakihitaji mtoto aseme neno lolote, na matokeo yakawa kwamba macho yote mawili yalihitaji lenzi kubwa za kuongeza, la kulia plasi nne na nusu na la kushoto plasi tano na nusu (plasi ni kipimo cha nguvu ya lenzi hizo).

Nitaeleza nilivyoelewa mimi, na wataalamu walio humu watanisahihisha. Mtoto wa namna hii, ili aone kitu vizuri, hulazimika kulikaza jicho kwa ndani kuliko mtoto mwingine, na hasa kitu kikiwa karibu. Sasa Mungu ameumba macho kwa namna ambayo amri ya kukaza kwa ajili ya kuona karibu huambatana na amri ya macho yote mawili kuelekea puani. Amri ya kwanza ikizidi, ya pili nayo huzidi, na jicho moja huishia ndani. Mtoto akivaa lenzi zinazomfanyia ile kazi ya kukaza, sababu ya kuvutwa inaondoka. Kwa hiyo miwani aliyopewa haikuwa ya kusomea wala ya urembo; ilikuwa ndiyo dawa yenyewe ya kengeza.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kulikubali. Macho mawili yakitazama pande mbili, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana, na ubongo wa mtoto hutatua shida hiyo kwa kuizima picha moja. Jicho lililozimwa halijifunzi kuona. Wataalamu huliita jicho vivu, na jina hilo silipendi, kwa sababu jicho lenyewe ni zima na hakuna uvivu wa mtoto hapo. Kilichokosekana ni ubongo kulitumia katika miaka ile ambayo njia za kuona zinajengwa. Wanasayansi wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, walilionyesha hili kwa kuwafunga watoto wa paka jicho moja tangu wakiwa wachanga: baada ya kufunguliwa, jicho lilikuwa halina kasoro lakini ubongo ulikuwa hauliitikii tena. Kazi yao ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Nilipoelezwa habari hiyo niliwaza juu ya ile miezi minane.

Miwani ilipokuja, mtoto aliivaa siku ya kwanza akakaa kimya, akaitazama mikono yake kwa muda mrefu. Ndani ya wiki chache macho yalikaa sawa kila alipokuwa ameivaa. Lakini wazazi wenzangu, sikilizeni hili kwa makini, kwa sababu ndilo linalowafanya wengi waitupe miwani: akiivua, jicho huingia ndani, na huonekana kuingia kuliko zamani. Mke wangu alilia akidhani tumemharibu mtoto. Miwani haikuharibu kitu. Macho yalikuwa yamezoea kupumzika, na yanapoondolewa msaada hurudi kukaza kwa nguvu zote. Tuliambiwa aivae tangu anapofungua macho asubuhi hadi anapolala, na ndivyo tulivyofanya. Nilishona utepe wa lastiki laini wa kuishikilia kwa nyuma ya kichwa, maana pua ya mtoto wa miaka mitatu haina mahali pa kuishikia miwani, na ikiteleza yeye huchungulia kwa juu ya lenzi, nayo inakuwa haina faida yoyote.

Kwa miwani peke yake, jicho la kushoto lilitoka kusoma mstari wa 6/36 (yaani akiwa mita 6 aliona kile ambacho jicho zima huona likiwa mita 36) hadi 6/18 katika miezi minne. Baada ya hapo likasimama, na ndipo tukaanza plasta ya kuziba jicho la kulia.

Mchangiaji, mama wa mtoto mchanga, Morogoro

Kaka, ahsante kwa kuandika. Mwanangu ana wiki tano na macho yake hutangatanga, mara yanakutana, mara linatoka moja. Shangazi yake naye ana mtoto wa mwaka mmoja ambaye kila mtu anasema ana makengeza, lakini kliniki walisema hana. Naomba kueleweshwa.

Mchangiaji, mpima macho, Dar es Salaam

Dada, kwa wiki tano usiwe na wasiwasi. Mtoto mchanga bado anajifunza kuyaongoza macho mawili kwa pamoja, na kutangatanga kwa mara mojamoja ni kawaida hadi kufikia miezi mitatu au minne. Mambo mawili hayasubiri umri huo: jicho lililokaa upande mmoja muda wote bila kurudi, na mboni inayoonekana nyeupe. Ukipiga picha kwa mwanga wa simu, mboni zote mbili zikatoa wekundu, hiyo ni retina yenye afya ikirudisha mwanga. Moja ikitoa weupe kama wa jicho la paka usiku, hata kama ni katika picha moja tu, mpeleke mtoto kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Saratani ya retina ikiwahiwa kutibiwa, maisha ya mtoto huokolewa, na mara nyingi hata jicho. Baada ya weupe huo wa mboni, kengeza ndiyo dalili inayofuata kwa wingi.

Mtoto wa shangazi huenda ana kile tunachokiita kengeza la uongo. Watoto wengi wana daraja pana la pua na mkunjo wa ngozi upande wa ndani wa jicho, ambao hufunika weupe ulio karibu na pua, na mtu akitazama anaona kama jicho limeingia. Mulika tochi ndogo kutoka umbali wa mkono, mtoto akiitazama, uangalie kitone cha mwanga ndani ya macho: kikikaa mahali palepale katika mboni zote mbili, macho yanalingana. Kipimo hicho ni cha kukutuliza tu, hakichukui nafasi ya kupimwa, kwa kuwa yapo makengeza yanayokuja na kwenda na siku hiyo huenda yasijitokeze.

Mleta mada, maelezo yako ni sahihi. Uhusiano huo wa macho yanayohitaji lenzi za kuongeza na kengeza la kuingia ndani ulielezwa na daktari Mholanzi Franciscus Donders mwaka 1864. Naomba nisisitize kwamba nguvu ya miwani ya mtoto wa namna hii haiwezi kupatikana bila matone. Mtoto ambaye hajatiwa matone hukaza macho wakati wa kupimwa na kuficha sehemu kubwa ya tatizo, na nimeona watoto waliopimwa kwa mashine dukani wakapewa plasi moja badala ya plasi tano.

Mchangiaji, mzazi, Dodoma

Mkuu, tuelezee hiyo plasta kwa kirefu. Sisi tumeambiwa tuanze, na mtoto ana miaka minne. Siku ya kwanza ameing'oa mara sita.

Mleta mada

Ndugu yangu, pole, nasi tulianza hivyohivyo. Plasta huziba jicho lenye nguvu ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi, na ndiyo maana mtoto anakasirika: unamnyang'anya jicho analolitegemea. Si ukaidi. Hebu ziba jicho lako zuri, vaa miwani isiyo yako, kisha mtu akuamuru ucheze.

Sisi tuliagizwa saa mbili kwa siku. Tulijaribu kubandika plasta juu ya kioo cha miwani, ikawa anachungulia pembeni. Kinachofaa ni kuibandika kwenye ngozi, kuanzia juu ya nyusi hadi shavuni, kisha miwani ikaja juu yake. Zile za dukani zilikuwa adimu hapa kwetu, nikawa nakata pamba laini na kuishika kwa plasta ya hospitali isiyovuta ngozi, baada ya kumuuliza daktari. Kuing'oa ndiyo shughuli kubwa, kwa sababu inaondoka na vinyweleo vya nyusi. Tuliilowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu, tukaivuta polepole kutoka upande wa shavu.

Saa zenyewe tulizifunga na kazi anayoipenda. Nilimpa bakuli la vifungo vilivyochanganyika, akawa anatenga vya matundu mawili na vya matundu manne. Wiki ya kwanza alikuwa anakibeba kila kifungo hadi karibu kabisa na pua na kukigusa kwa kucha ili ahesabu matundu. Wiki ya saba nilimwona akivitenga akiwa amekaa wima, mikono mapajani, akivitazama tu kabla ya kuvichukua. Hakuna mtu aliyehitaji kunisomea kipimo siku hiyo. Siku nyingine alichambua mchele na mama yake, au akapaka rangi. Hakuna siku tuliyomwacha na plasta akikimbia nje, kwa kuwa aliwahi kujikwaa kwenye kizingiti akapasuka mdomo.

Mpima macho, Dar es Salaam

Naongezea kwa mzazi wa Dodoma. Wapo wanaoamini kwamba ukimziba mtoto siku nzima atapona haraka. Majaribio makubwa yaliyofanywa Amerika Kaskazini, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba kwa uoni uliopungua kwa kiasi cha kati, saa mbili kwa siku huleta matokeo sawa na saa sita, na kwa uoni uliopungua sana, saa sita huleta matokeo sawa na kuziba karibu siku nzima. Usiongeze saa kwa huruma au kwa haraka, kwa sababu jicho zuri likizibwa kupita kiasi nalo laweza kudhoofika. Fuata agizo na urudi tarehe uliyopangiwa.

Mtoto akikataa plasta kabisa, muulize daktari kuhusu matone ya atropini yanayotiwa kwenye jicho lenye nguvu ili kulififishia uoni wa karibu. Kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba wenye tatizo la kiasi cha kati, hufanya kazi takriban sawa na plasta. Lakini chupa hiyo ifungiwe kabatini. Mtoto akiyanywa ni sumu.

Mchangiaji, mwanamume wa miaka 34, Mwanza

Sikuwa nimekusudia kuandika, lakini habari ya vifungo imenigusa. Mimi ndiye yule mtoto aliyesubiriwa akue. Jicho langu la kulia halisomi hata kichwa cha habari cha gazeti. Shuleni jina langu lilisahaulika, nikawa naitwa Kengeza na wanafunzi na walimu pia. Lakini jina hilo halikuniumiza sana. Kilichonibana maishani ni kutojua kitu kiko umbali gani. Nikimimina chai lazima niguse ukingo wa kikombe kwa mdomo wa birika, la sivyo inamwagika mezani. Mpira ukirushwa kwangu nauona ukiwa umeshanigonga. Niliacha ufundi wa umeme kwa sababu hiyo. Mleta mada, huyo binti ana bahati kuzaliwa kwenye nyumba yako. Swali langu kwa mtaalamu: kwa umri wangu kuna lolote?

Mpima macho, Dar es Salaam

Kaka, pole sana kwa hayo, na walimu hao walikukosea. Nitakueleza kweli. Uoni wa jicho hilo kwa umri wako haurudi kwa plasta kwa kiasi cha kutegemewa. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka saba, ingawa utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto wa miaka saba hadi kumi na miwili nao hupata nafuu, kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa miaka tisa asikate tamaa. Kwa mtu mzima, upasuaji wa kunyoosha jicho bado unawezekana. Hautakupa uoni uliokosekana, lakini utakuwezesha kumtazama mtu usoni. Si urembo tu, na usikubali kuambiwa hivyo. Na kwa kuwa unategemea jicho moja, vaa miwani ngumu ya kinga kila unapofanya kazi yenye cheche au vipande vinavyoruka.

Mchangiaji, mama, Nakuru

Sisi tumeambiwa mtoto afanyiwe upasuaji. Ana miezi kumi na mmoja na jicho limeingia sana tangu akiwa na miezi minne. Alipimwa kwa matone, wakasema miwani haitatosha. Bibi yake anasema watalitoa jicho nje walikate kisha walirudishe. Naogopa mno.

Mpima macho, Dar es Salaam

Dada, jicho halitolewi mahali pake. Kila jicho lina misuli sita inayoligeuza, na mingi kati yake imeshikana na ukuta mweupe wa jicho kwa mbele. Daktari hufungua utando mwembamba ulio juu ya weupe, anausogeza nyuma msuli unaovuta kupita kiasi au anaufupisha ule uliolegea, kisha anaushona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, na wengi huruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake. Jicho litakuwa jekundu kwa wiki kadhaa, na hilo lisikutishe. Kitakachokurudisha hospitali mbio ni uvimbe unaoongezeka, usaha au homa.

Kengeza la mtoto wako ni la aina tofauti na la binti wa mleta mada, kwa kuwa limeanza mapema na ni kubwa, na kwa aina hiyo upasuaji unaofanywa mapema humpa mtoto nafasi ya kujifunza kutumia macho mawili pamoja. Uliza mambo mawili kabla ya kutia saini: kama ana jicho vivu linalopaswa kutibiwa kwanza, na mtafuatiliwa vipi baadaye, kwa kuwa watoto wengine huhitaji upasuaji wa pili au miwani. Kwa Kenya, hospitali ya Kikuyu ina huduma ya macho ya watoto; kwa upande wetu Tanzania ulizieni hospitali za KCMC ya Moshi, au CCBRT na Muhimbili za Dar es Salaam.

Mchangiaji, mzazi, Dodoma

Na mazoezi ya macho, karoti, na matone ya asali?

Mpima macho, Dar es Salaam

Karoti ni chakula kizuri na hainyooshi jicho. Mazoezi yana nafasi yake kwa aina chache, hasa macho yanayoshindwa kukutana wakati wa kusoma, na hayatibu kengeza la mtoto anayehitaji plasi tano. Asali usiitie kabisa kwenye jicho la mtoto.

Mleta mada

Narudi na habari, maana mmeniuliza amefikia wapi. Plasta tuliitumia kwa miezi saba, jicho likafika 6/9. Hatukuiacha ghafla; daktari alipunguza siku kidogokidogo, akatueleza kwamba karibu robo ya watoto wanaoacha tiba hurudi nyuma ndani ya mwaka mmoja. Bado tunapimwa kila baada ya miezi sita. Anasimama mbele ya ubao wa herufi E na kuonyesha kwa vidole miguu ya herufi inaelekea wapi, na siku hizi hunikataza nisimsaidie. Miwani bado anaivaa na ataendelea kuivaa. Darasani nilimweleza mwalimu wake kwamba miwani haivuliwi hata wakati wa picha, naye amelisimamia.

Mdogo wake ana mwaka mmoja na miezi minane. Macho yake yanaonekana sawa, na nimemziba moja baada ya jingine bila kulalamika. Lakini nimeambiwa tatizo hili hutembea katika familia na kwamba ndugu wa damu wapimwe hata kama hawaonyeshi dalili, kwa hiyo tarehe tumeshachukua, na basi ni lilelile la alfajiri.